Kitabu Kilichoolewa Getanuwas

Kitu cha kwanza Fabiola alichokiona ni kwamba ng'ombe wa kwenye jalada hakuwa na nundu. Alikuwa ng'ombe mzuri, mnene, wa madoadoa, lakini mgongo wake umenyooka kama benchi. Fabiola akainamisha kichwa upande huu na upande ule, akidhani labda nundu imejificha nyuma ya pembe. Haikuwepo. Akajisemea moyoni kwamba huyo mchoraji wa Dar es Salaam huenda alimwona ng'ombe kwenye kopo la maziwa, basi. Akafurahi kidogo, kwa sababu si kila siku mtu aliyeishia darasa la nne, tena katikati ya mwaka, anapata kosa ndani ya kitabu kipya.

Furaha hiyo ilidumu mpaka alipofungua ukurasa wa kwanza.

Vitabu vilifika Getanuwas Jumatatu, juu ya lori la shamba la ngano la serikali, katikati ya magunia ya mbolea. Dereva alishusha maboksi mawili mbele ya ofisi ya Mwalimu Akonaay, mkuu wa shule, Mwiraqw wa kutoka Mbulu, mtu mpole aliyekuwa amekaa Hanang miaka sita na Kibarabaig chake bado kinaishia kwenye salamu. Mwalimu akaagiza Fabiola aitwe haraka, maana jina lake limo ndani.

Boksi la kwanza lilikuwa na vitabu vyembamba vya watoto. Kila ukurasa picha moja, na chini ya picha neno la Kiswahili na neno la Kibarabaig, ili watoto wa wafugaji wanaoanza shule wasikutane na Kiswahili kikiwa peke yake, kama mtu anayekutana na mgeni njiani. Boksi la pili lilikuwa na vitabu vitatu tu, vinene, vya wasomi wa chuo kikuu. Hivyo havikuwa na picha hata moja, na maandishi yake yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Ndani ya kimoja, mwanzoni kabisa, paliandikwa: "Namshukuru kwa dhati Ndugu Fabiola Gidabuday wa Getanuwas, hazina ya maneno."

Alisoma mstari huo mara tatu, akifuata kwa kidole. Ndipo akarudi kwenye kitabu cha watoto, akamtazama yule ng'ombe asiye na nundu, akasoma neno la Kibarabaig lililowekwa chini yake. Lilikuwa neno ambalo ukiligeuza kwa Kiswahili ni "anayelia".

Fabiola akafunga kitabu kama mtu anayefunika chungu kilichochacha.

Mwanamke wa Kibarabaig akiolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hilo hata madereva wa trekta walilijua. Wageni wasilolijua ni kwamba hatamki pia maneno yanayofanana na jina hilo, wala yanayofanana na majina ya wakubwa wengine wa boma, walio hai na waliokufa. Anasema maneno mengine, ambayo wanawake hufundishana wakikamua. Kama baba mkwe angekuwa na jina linalofanana na kupe au konokono, maisha yangekuwa mepesi. Lakini Fabiola aliolewa kwenye ukoo ambao ungedhani walikaa kikao wakagawana dunia. Jina la baba mkwe lilifanana na neno la ng'ombe. La marehemu baba yake, mvua. La kaka yake mkubwa, maziwa. Mmoja wa mababu alichukua moto, mwingine jiwe. Kupe walimwachia Fabiola.

Kwa Kiswahili aliweza kusema yote hayo bila kuogopa, maana Kiswahili hakina mkwe. Na ndiyo sababu Ndugu Hermani alipofika mwaka uliotangulia, baada ya mavuno ya ngano, hakushtukia kitu.

Ndugu Hermani alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, kijana mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni. Alilala kwenye nyumba ya wageni ya kambi ya shamba, na asubuhi akaja maboma akitafuta mtu anayejua Kibarabaig na Kiswahili sawasawa, kwa ajili ya vitabu viwili, kimoja cha watoto na kimoja cha wasomi. Wanaume wengi walikuwa mbali na mifugo, kwa kuwa mbuga ya karibu ilishageuka ngano mpaka macho yanapoishia. Wanawake waliowahi kukaa darasani walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Fabiola alisoma Nangwa kwa mjomba wake, mpaka mjomba alipougua na kupelekwa hospitali ya Haydom, naye akarudishwa nyumbani kabla hajafika kwenye kugawanya kwa njia ndefu. Mama mkwe akamsukuma mbele, akasema huyu hapa, amesoma, ila hasemi.

Siku ya kwanza walikaa nje ya boma. Baba mkwe alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, juu ya kigoda chake, akichonga mpini. Ndugu Hermani akamnyooshea kalamu ng'ombe aliyekuwa akijikuna kwenye boriti, akauliza:

"Huyu mnamwitaje, dada?"

Ulimi wa Fabiola ukarudi nyuma wenyewe. Akatamka neno la wanawake, anayelia. Ndugu Hermani akaliandika, akalirudia kwa sauti, akasema vizuri sana. Fabiola alikusudia kumweleza wakati wa kuagana kwamba hilo ni neno la wakwe. Wakati wa kuagana ulipofika, mgeni alikuwa anahangaika na kiatu kilichoingia mwiba, na Fabiola akaona si vizuri kumzidishia mtu matatizo. Kesho yake akakusudia tena, lakini tayari walikuwa kwenye neno la mvua. Wiki ya pili waliingia jikoni, yaani kwenye maziwa na moto. Wiki ya tatu Ndugu Hermani alimwambia kwamba katika utafiti wake wote hajakutana na mtaalamu kama yeye. Neno hilo, mtaalamu, lilimpanda Fabiola kichwani kiasi kwamba alipokuwa akirudi nyumbani alijikwaa kwenye kitu ambacho hakuruhusiwa kukitaja.

Aibu, alijiambia. Mimi nina aibu, ndivyo nilivyo. Na mila ni mila.

Sasa alikuwa amesimama ofisini kwa Mwalimu Akonaay, na aibu yake ilikuwa imepigwa chapa nakala mia tatu.

Kwenye kitabu kinene mambo yalikuwa mabaya zaidi. Ndugu Hermani alikuwa amejenga sura nzima juu ya maneno yale. Aliandika kwamba Wabarabaig hawakiiti kitu kwa umbo lake, hukiita kwa tendo lake. Ng'ombe kwao ni kilio, mvua ni ujio, na jiwe ni subira. Fabiola akasoma hapo kwenye subira, akasoma tena. Yeye alisema tu "kilichokaa". Kilichokaa kimekaa. Nani alisema kinasubiri?

Ndani ya boksi palikuwa pia na barua kwa Fabiola. Ndugu Hermani alimjulisha kwamba Alhamisi atakuja mwenyewe kuvizindua vitabu mbele ya wazazi. Zaidi ya hayo, aliandika, watu wa elimu ya watu wazima wamekubali darasa la kisomo la akina mama lifunguliwe pale shuleni, mara tatu kwa wiki, na mwalimu wake awe Fabiola.

Mwalimu Akonaay alimpa mkono, akamwita mwalimu mwenzangu. Fabiola akatazama chini ili macho yasimsaliti. Tangu atoke Nangwa alikuwa akifundisha kimyakimya. Aliandika herufi kwa kijiti kwenye vumbi la malishoni, na mwanafunzi wake wa kudumu alikuwa mbuzi mmoja jike ambaye mwaka wa tatu huu bado alikuwa anakula kijiti. Darasa la watu wenye masikio ya kusikia lilikuwa jambo ambalo hakuwahi kuliomba, kwa sababu hakujua kwamba linaombwa.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa fupi, hata kwa mtu asiyejua kugawanya. Akisema, darasa linakwenda. Nani atampa chaki mtu aliyeweka maneno yasiyo yao midomoni mwa watoto wote wa Hanang? Akinyamaza, darasa ni lake, na watoto watasoma hivyo hivyo mpaka wazeeke.

Jumanne aliamua kuandika barua. Alianza vizuri: Ndugu Hermani, salamu nyingi, mimi mzima, baba mkwe mzima, mama mkwe mzima isipokuwa goti, mifugo inaendelea, huku kumekauka. Alipomaliza kusalimia kwa heshima inayotakiwa, karatasi ilikuwa imekwisha.

Jumatano akasikia mgeni amefika kambini. Akajifunga shuka yake vizuri akaenda, akisema yale maneno njia nzima bila kukosea hata moja. Ndugu Hermani alikuwa ndani, anakula na mabwana shamba. Fabiola akasimama kando ya mashine ya kuvunia, kubwa kama nyumba yenye magurudumu, asogee wapi asijue. Fundi akatoka chini yake akiwa na grisi mpaka kwenye nyusi, akauliza anatafuta nini. Fabiola akajibu kwamba amekuja kutazama mashine. Fundi huyo, ambaye inaelekea hakuwa amepata mtu wa kumuuliza habari za kazi yake tangu aajiriwe, alimweleza kwa muda wa saa nzima. Fabiola alirudi nyumbani bila kumwona Ndugu Hermani, ila anajua mashine ya kuvuna ngano ina mikanda mingapi na ipi hukatika kwanza.

Alhamisi madawati ya darasa la pili yalisogezwa nyuma, mbele wakapangwa wazee. Baba mkwe aliwekwa mbele kabisa, kiti cha heshima, kwa kuwa Ndugu Hermani alitaka kulishukuru boma lililomwazima hazina. Alimwinamia, akamwamkia shikamoo mzee, na mzee, ambaye sikio moja lilishakufa na la pili linaugua, akaitikia marahaba kwa mtu aliyekuwa nyuma yake. Fabiola alikaa ukutani, katikati ya wanawake, uso ameugeuzia dirisha kama inavyompasa mkamwana.

Ndugu Hermani alisema maneno mazuri machache, kisha akampa kitabu mtoto wa darasa la pili, msichana aitwaye Kornelia, asome kwa sauti. Kornelia akasimama wima, akasoma kwa ile sauti ya kuimba ya shuleni. Ng'ombe, halafu neno la chini yake. Mvua, halafu neno la chini yake. Kicheko kikaanzia dawati la nyuma, kikapita chini chini kama maji chini ya nyasi. Alipofika kwenye maziwa, wanawake walikuwa wameshaziba midomo kwa shuka. Mwalimu Akonaay, ambaye hakuelewa hata neno moja, alicheka pia ili asiwaache wenzake. Ndugu Hermani akatabasamu akingoja kuambiwa.

Kornelia akashusha kitabu. Akamgeukia mkuu wa shule, akauliza kwa Kiswahili safi:

"Mwalimu, hiki kitabu kimeolewa?"

"Kimeolewa, mwanangu," mama mmoja akajibu kutoka ukutani. "Hata mahari kimeshatolewa."

"Boma gani?" akauliza mwingine, kana kwamba hajui.

Yule wa kwanza hakutaja jina. Alichongoa midomo tu kumwelekea baba mkwe wa Fabiola, na ukuta mzima wa wanawake ukatikisika.

Ndugu Hermani sasa hakutabasamu. Aliuliza kama kuna kosa la chapa. Halikuwa jambo la wazazi kulijibu. Wakamtazama Fabiola. Yeye alikuwa akilitazama dirisha kwa bidii ambayo dirisha lile halijawahi kutazamwa. Lakini mtoto Kornelia alikuwa bado amesimama, kitabu mkononi, anangoja kuambiwa kama aendelee kusoma au aketi, na usoni hakuwa na kicheko. Alikuwa na wasiwasi wa mtu anayedhani amekosea yeye.

Fabiola akasimama.

Alisema neno la kwanza kwa sakafu, na sakafu peke yake ikalisikia. Akaombwa arudie. Akasema kwamba mtoto amesoma sawa, kitabu ndicho kibaya. Maneno yale ni ya mkamwana, tena wa boma moja. Watoto hawasemi hivyo, wala wanaume, wala wasichana ambao hawajaolewa. Ndugu Hermani akatoa kalamu, akauliza swali lile lile la mwaka jana, ng'ombe mnamwitaje.

Mzee yuko hatua nne mbele yake. Fabiola akafungua mdomo, akaufunga. Akatazama ubao. Mila ilikuwa imekataza ulimi, hilo alilijua tangu akiwa mchanga. Kuhusu chaki hakuna bibi aliyewahi kumwambia kitu.

Akapita mbele akiwa ameinama, akaokota kipande cha chaki, akaandika neno lenyewe. Herufi zilikuwa kubwa na zilipanda mlima kidogo kuelekea kulia. Watoto wa darasa la pili hawakuhitaji kuambiwa. Wakiona neno ubaoni, wanalisoma. Wakalisoma kwa pamoja, kwa nguvu zote, sauti hamsini.

Baba mkwe akashtuka, akainua fimbo yake juu, akaitika. Alidhani anaitwa.

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Mzee mwenyewe, alipoelezwa kwenye sikio lililo hai, alicheka mpaka akaomba maji. Fabiola aliandika mvua, akaandika maziwa, akaandika moto na jiwe, na watoto wakasoma yote kwa zamu, marehemu kwa walio hai, ukoo mzima ukiitwa mahudhurio shuleni Getanuwas, na yeye mgongo kwa watu, bega likimtikisika, hajui kama analia au anacheka.

Baadaye watu walipotawanyika, Ndugu Hermani alimkuta nyuma ya darasa, amejificha kwa kisingizio cha kukung'uta chaki mikononi. Alikuwa amekibeba kitabu kinene kifuani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Fabiola alijiandaa kufokewa. Hakufokewa. Ndugu Hermani alisema usiku huu atasoma upya sura yake yote, na anaogopa kuisoma, hasa pale kwenye subira. Alisema kwenye vitabu vya watoto atabandika karatasi za masahihisho, ukurasa kwa ukurasa, kwa mkono wake. Na kwa wasomi ataandika ukweli, kwamba mtafiti alikaa wiki tatu mbele ya mila kubwa na hakuuliza swali moja la maana.

"Mila ilikufunga, dada," alisema. "Kosa si lako. Darasa lako liko pale pale, tunaanza Jumatatu."

Akamnyooshea boksi la chaki na daftari jipya la mahudhurio.

Ndivyo mambo yalivyokuwa yamelainika. Hakutakiwa kusema lolote. Alitakiwa kunyoosha mikono miwili apokee, ashukuru, anyamaze, na kama kuna kazi moja duniani ambayo Fabiola aliifahamu bila kusoma mpaka darasa lolote, ilikuwa kunyamaza. Mikono ikaanza kwenda. Ikafika katikati, ikasimama. Alitazama vidole vyake vyeupe kwa vumbi la chaki, na akaona kwamba Jumatatu atasimama mbele ya wanawake wenzake awafundishe kuandika wanachosema, huku yeye mwenyewe kuna jambo moja hajalisema, hata kwa yule mbuzi.

"Mila haikunifunga kukwambia," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyoipima, hata akageuka kuona kama ni yake. "Mila ilinikataza neno. Haikunikataza kukwambia kwa Kiswahili kwamba hilo ni neno la wakwe. Siku ya kwanza niliogopa, hiyo ni kweli. Lakini siku ya pili nilijua kabisa unakosea, Ndugu Hermani, na ya tatu, na zote. Nilikuacha. Nilikuwa nasema neno, na wewe unainama unaliandika, na mimi katika maisha yangu sijawahi kusema kitu mtu akakiandika. Nikaona nikikusahihisha utatafuta mwingine." Kisha akashusha mikono bila kuligusa boksi, ili Ndugu Hermani aamue upya.